Ngoma Niliyoikata

Juma lililopita wengi wenu mlinionea huruma. Mmoja wa Uvira alituma ujumbe hapa gazetini kwamba ananiombea. Ndugu yangu wa Uvira, acha kwanza. Soma hadi chini, kisha uamue kama maombi yako uyarudishe.

Kwa yule ambaye gazeti la juma lile lilifungiwa mandazi kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Mimi ni Darius, mwigizaji wa kundi la Mukubwa Roger hapa Baraka. Tulicheza mchezo sokoni Mboko. Ndani ya mchezo nilimshtaki mama muuza chakula kwamba amemlisha mdogo wangu sumu hadi akafa. Aliyecheza mama huyo ni Goreth Nduwimana, mkimbizi kutoka Burundi, anayeishi kambini Lusenda. Na Goreth anauza chakula kweli, kando ya barabara ya Uvira. Video ya mchezo ikaingia mtandaoni bila mwisho wake. Watu wakaamini. Wateja wakamkimbia Goreth.

Niliwaambia kwamba mwisho haumo kwa sababu simu ilizima.

Simu haikuzima.

Nilimdanganya Goreth, nikamdanganya Roger, na nyinyi mlionisoma nikawadanganya kwa kinywa kipana. Leo nasema yalivyokuwa, na naona haya kuyasema. Ila msinipongeze mapema, maana mtaona hata kusema kwenyewe nimechelewa.

Kwanza mjue kazi yetu ilivyo. Sisi hatuna jukwaa wala pazia. Tunaanza na ugomvi. Wawili wetu wanaingia sokoni kama watu wa kawaida, wanaanza kutukanana, na hakuna mtu wa huku kwetu anayeweza kupita kwenye ugomvi bila kusimama. Duara likijaa, Roger anatokea na ngoma yake, anaipiga kwa nguvu na kupaza sauti: "Ni teatri, bandugu! Ni teatri!"

Watu wanacheka, wanajipiga mapajani kwa jinsi walivyoingizwa. Kisha Roger anauliza: "Nani atamusaidia huyu mama?" Hapo yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akaingia duarani, akachukua nafasi ya mmoja wetu na kusema yale ambayo angesema yeye.

Mwishoni Roger anapiga ngoma tena. Ngoma hiyo ya pili inafunga. Yote yaliyosemwa duarani yanabaki kuwa ya mchezo, na hakuna ruhusa ya kumfuata mtu nyumbani kwa ajili yake.

Roger ana sheria mbili tu. Ugomvi hauchezwi bila ngoma. Na jina la kweli la mtu halitajwi.

Goreth alipoombwa kucheza, alisita sana.

"Mi ni mugeni hapa," alimwambia Roger. "Sina shamba, sina mbuzi. Niko na jina tu. Nitacheza, lakini ile ngoma ilie."

"Italia, mama. Siku itakosa kulia, mi mwenyewe naacha hii kazi."

Mchezo niliutunga mimi. Sehemu yangu ilikuwa na maneno mengi, mazuri, ya kutoa machozi. Sehemu ya Goreth haikuwa na neno hata moja.

"Na mi nasema nini?" aliniuliza.

"We lia tu, mama. Inatosha."

Siku hiyo Mboko nilimpa mke wangu Arlette simu yangu anipige video. Nikamwambia Goreth aje na sufuria yake ile ile ya biashara, kwa kuwa sufuria ya kuazima haingependeza kwenye picha. Nikaingia sokoni nikipiga mayowe. Watu wakaacha samaki wao wakakimbilia. Nikashika kichwa, nikajitupa chini, na ghafla nikasikia machozi ya kweli yanakuja. Machozi ya kweli hayapatikani kila siku, kwa hiyo nikayasaidia. Nikamkumbuka mdogo wangu halisi, Déogratias, anayefanya kazi bandarini Kalemie, mzima wa afya.

"Déo wangu!" nililia. "Mama Goreth, umeniulia Déo wangu! Goreth, umemupa nini?"

Majina mawili ya kweli kwa pumzi moja. Roger aliniangalia vibaya, akaharakisha kupiga ngoma. Watu wakacheka. Hadi hapo tungesameheana.

Lakini mara ikasikika "Simama!" nyuma ya umati. Akaingia mama mmoja muuza samaki wakavu, mnene, jina lake Pulchérie. Akamwondoa Goreth kwenye kigoda, akaketi yeye, akanitazama juu hadi chini.

"We unasema nimeua mudogo yako," alisema. "Mudogo yako alikuwa anakula kwangu kila siku. We ulimupatia siku gani hata kipande ya muhogo?"

Watu wakaanza kucheka.

"Mi nilikuwa safarini," nilijibu.

"Wapi? Na alipougua ulimupeleka hopitali gani?"

Jibu la hilo nilikuwa sijalitunga.

"Sasa unalia juu yake," aliuliza Mama Pulchérie, "ao unalia juu ya aibu yako?"

Mboko nzima ilianguka kwa kicheko. Kuna mzee alishika baiskeli ya mwenzake asianguke. Hata Goreth alicheka, akafunika mdomo kwa kitenge, kisha akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mchezo ulikuwa umefanya kazi yake. Wote waliokuwepo walirudi nyumbani wakijua kwamba mtu akifa, humshiki wa kwanza aliyempa chakula.

Mimi nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikaketi, nikaitazama video. Nusu ya kwanza nilikuwa simba. Nusu ya pili nilikuwa kuku aliyenyeshewa. Nikakata. Nilikata vizuri kabisa: mkono wa Roger unaonekana ukipanda juu ya ngoma, na kabla haujashuka, picha inakwisha. Kile kipande kingine nikakifuta kwenye simu ili nisikione tena maisha yangu yote. Kilichobaki nikakitupa kwenye ukurasa wangu.

Ndiyo hiyo simu iliyozima.

Video ilienda kama moto wa majani. Watu wa Uvira, Bukavu, hadi wale walio Ulaya, wote walikuwa wanaandika. Nilifungua maoni nikitarajia kusoma kwamba najua kuigiza. Nikasoma: "Pole ndugu." "Mungu ampokee Déo." "Huyo mama apatikane."

Hapo mtu mwenye akili angeandika maneno matatu tu: huu ni mchezo. Mimi niliandika: "Asanteni wapendwa, Mungu ni mwema."

Nilikuwa sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile. Nikiandika kwamba ni mchezo, wataacha kusambaza. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na niliiona nzuri.

Aliyeniamsha ni marehemu mwenyewe. Alipiga simu kutoka Kalemie.

"Darius, mi niko wapi?"

"Uko Kalemie."

"Hapana. Mi niko ndani ya kaburi. Bantu ba hapa bandarini bamechanga, banataka kujua maiti iko wapi. Mama kule Fizi amelia mpaka sauti imekwisha, bamama ba kanisa bamekuja na mikeka. We umekuwa nini?"

"Déo, ilikuwa teatri."

"Basi andika pale ni teatri!"

"Nitaandika."

"Andika sasa. Kuniua Mboko ni sawa, kule banacheka. Lakini umeniua dunia yote!"

Nikaandika, lakini kwa kuchelewa. Watu wakajibu hapo hapo: "Wamekuhonga." "Na wewe wamekulisha kitu." "Machozi yale hayaigizwi, tumeona wenyewe." Nikajaribu kuifuta video, lakini ilikwisha kunitoka mikononi. Kila mwenye simu alikuwa nayo yake.

Nikapanda pikipiki hadi Lusenda.

Kibanda cha Goreth kiko kando ya barabara, mahali ambapo madereva wa pikipiki za Baraka na Uvira husimama kula. Siku nyingine hupati pa kuketi. Siku hiyo mabenchi yalikuwa matupu. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa imejaa, na nzi walikuwa wengi kuliko watu. Ng'ambo ya barabara madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, wanakula biskuti na kutazama.

"Karibu, mudogo yangu," alisema Goreth. "Leo benchi ni zako zote."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Mama Goreth, mi nasikitika sana."

"Niambie kitu moja tu. Ile ngoma iko wapi? Mi niliisikia na masikio yangu. Kwa video haiko."

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameniuliza vizuri, bila hasira, na tulikuwa wawili tu.

"Simu ilizima, mama," nilisema. "Chaji iliisha."

"Aa." Aliinamisha kichwa. "Basi si kosa yako. Simu ni simu."

Jamani, alinifariji! Mimi nilikwenda kumwomba msamaha, yeye akanifariji.

"Jana bamepita banaume bamoja," aliendelea. "Hawakununua. Bamesema muntu wa sumu, benyewe banajua vile banamufanya. Batoto bangu banalala kwa jirani sasa. Mi nilikimbia Burundi, Darius. Nikimbilie wapi tena?"

Akachota ugali, akaweka sombe na samaki, akanisogezea sahani.

"Kula. Hata wewe umekonda juu ya hii maneno."

Niliangalia sahani. Nikasema: "Asante mama, nimeshiba."

Ng'ambo ya barabara mmoja wa madereva aliteremka kwenye pikipiki yake, akapaza sauti kwa wenzake:

"Mumeona? Hata mwenyewe amekataa!"

Mtaniuliza ilikuwa aibu au hofu. Yalikuwa yote mawili. Nilikuwa nimesoma maoni mengi sana kwa siku nyingi sana, na kipande kidogo cha akili yangu kilikuwa kimeanza kuniuliza: je, kama? Uongo niliutunga mimi, nikaukata mimi, nikaurusha mimi, na bado ukaniingia. Goreth alifunika ile sahani kwa sahani nyingine, akaiweka pembeni, na hakunisemesha tena.

Nilirudi Baraka nikamweleza Roger nusu ya mambo. Ile nusu nyingine mnaijua.

Roger si mtu wa simu. Yake ni ndogo, ya kupiga na kupokea tu. Alikaza kamba za ngoma yake kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Ile kitu imeharibikia kwa simu, haitatengenezeka kwa simu," alisema. "Tutacheza tena. Hapa Baraka, pale bamotari banasimamisha pikipiki. Mchezo ile ile, sufuria ile ile. Ngoma italia mbele yao bote. Kisha we utakula kwa sahani ya Goreth, banaona. Bamotari bakirudi kula, bengine batafuata."

"Mukubwa, na kama bananiuliza juu ya video?"

"Si simu ilizima?"

"Ndiyo."

"Basi utasema ilizima. Ukweli hauna kazi mingi."

Nyumbani nilimkuta Arlette anachambua maharagwe. Mke wangu haongei sana, lakini akichambua maharagwe bila kuangalia maharagwe, ujue kuna jambo.

"Baba Gentille," alisema, "mi nilipiga ile video mpaka mwisho. Nilipiga video ya ngoma, nilipiga ya Mama Pulchérie, nilipiga mpaka watu bakaondoka."

"Najua."

"Sasa unazunguka mji unasema simu ilizima. Ile simu ilikuwa mu mukono yangu. Bantu banaona mi ndiye sikujua kuchaji."

"Mama Gentille, nikisema nilikata, mi nimekwisha. Nani ataniita tena hata kwa harusi? Niachie. Tutacheza kesho, Mama Goreth atapona, maneno itakufa."

"Na kama hatapona?"

"Atapona. Niahidi utanyamaza."

Akachambua, akachambua. Mwisho akasema: "Nitanyamaza kama we utasema mwenyewe."

Nikachukulia kwamba ameahidi. Mwanaume akitaka kusikia ndiyo, ataisikia tu.

Kesho yake tukacheza. Goreth, aliyeombwa na Roger mwenyewe, alifika kutoka Lusenda na sufuria yake, imejaa, ya moto. Arlette alisimama mbele na simu yangu, kama kawaida. Nilianza mayowe, na madereva wakateremka wote kwenye pikipiki wakakimbilia. Machozi ya siku hiyo nilitumia mate. Nikamshtaki mama, mama akalia, simu zikapanda juu kila upande. Roger akapiga ngoma.

"Ni teatri, bandugu! Na ile ya Mboko ilikuwa teatri!"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatutazama kama watu wa mnada.

Dereva mmoja aliyevaa koti jekundu akainua mkono. Nilimtambua. Ni yule aliyepaza sauti siku ile Lusenda.

"Kama ilikuwa teatri," alisema, "ngoma ilikuwa wapi kwa video? Mbona sisi hatukuisikia?"

Roger akanigeukia. Goreth akanigeukia. Sikumtazama Arlette.

"Simu ilizima," nilisema.

"Ilizima palepale ngoma inataka kulia?"

"Palepale."

Watu wakaguna. Guno lile mnalijua, la watu wanaoambiwa kwamba mbuzi amekula msumari.

"Simama!"

Sauti haikutoka kwa watu. Ilitoka kwenye kigoda. Goreth alikuwa amesimama. Katika miaka yote ya kundi letu, hakuna mwigizaji aliyewahi kujisimamisha mwenyewe. Lakini yeyote ni yeyote, na Roger akarudi nyuma kumpa nafasi.

"Mi nataka nafasi ya Darius," alisema Goreth. "Na Darius akae hapa."

Nikaketi kwenye kigoda chake. Sufuria ilikuwa mbele yangu, mvuke unanipiga usoni. Goreth akasimama pale ninaposimama mimi siku zote, akaninyooshea kidole kama mimi ninavyomnyooshea.

"We!" alisema. "Nilikupatia jina yangu uicheze. Umeipeleka wapi?"

Nikafungua mdomo. Ilikuwa nafasi ya Goreth, na nafasi ya Goreth sikuitungia neno.

"Ulikuja kwangu, nikakuwekea chakula, ukakataa mbele ya bamotari. Uliogopa nini?"

Nikasogeza kigoda nyuma kidogo, mvuke ukanifuata.

"Na ngoma, Darius. Ngoma iko wapi?"

Nikatazama chini. Nilisikia mtu akicheka kidogo, akanyamazishwa na wenzake. Goreth akawageukia watu, akauliza swali la Roger, kwa sauti ya Roger:

"Nani atamusaidia huyu?"

Hakuna aliyetoka. Nilingoja. Mboko alitoka Mama Pulchérie kumsaidia Goreth, mtu ambaye hata hakumjua. Hapa Baraka nimezaliwa, nimebatizwa, nimecheza kwenye harusi za nusu ya watu wale, na hakuna aliyeinua hata mguu.

"Simama," ikasema sauti moja, ya chini.

Ilikuwa ya Arlette.

Aliingia duarani akiwa bado ameshika simu mbele ya kifua, imenielekea mimi. Wote wanamjua ni mke wangu. Madereva wakaacha kunong'ona.

"Mi ndiye nilipiga ile video," alisema. "Simu haikuzima. Ngoma ililia, na mi niliipiga video. Baba Gentille alikata, juu bantu ba Mboko balimucheka."

Mnaweza kufikiri nilikasirika. Hapana. Nilisikia baridi tu, tangu kichwani hadi kwenye vidole vya miguu. Goreth alinitazama, na nilimwona akirudia yote kichwani mwake: simu ni simu, si kosa yako, kula, hata wewe umekonda. Uso wake ulibadilika taratibu.

Roger alikuwa ameinua mkono juu ya ngoma. Hakuushusha. Akanikaribia, akasema kwa sauti ambayo wengi hawakuisikia:

"Darius. Hii ni ya mchezo ao ni ya kweli? Kama ni ya mchezo, napiga, inafungwa. Kama ni ya kweli, sema, na mi sipigi."

Eleweni vizuri nilichoulizwa. Ngoma ikilia, maneno ya Arlette yanakuwa maigizo. Watu watasema hata mke wake alipewa sehemu, nami nitatoka pale na jina langu. Lakini kama hata hilo ni maigizo, basi hakuna aliyekiri chochote, na Goreth anabaki na sumu yake. Ngoma isipolia, Goreth anapona na mimi nakwisha, mbele ya mji mzima, na simu zote ziko juu.

Goreth alikuwa amekunja mikono, ananingoja. Hata hapo bado alikuwa ananingoja.

Nikamwinamishia Roger kichwa. Piga.

Alinitazama kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akapiga, mara moja tu, vibaya.

Umati ukalipuka. "Aah! Hata bibi yake iko ndani!" "Hawa bantu banajua kazi!" Wakapiga makofi, wakaja kunishika mkono. Nikawashika wote. Nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikatabasamu na meno yote. Yule wa koti jekundu alikuja hadi kwenye sufuria, akainama, akanusa.

"Teatri ndani ya teatri," alisema. "Sasa muntu ajue nini?"

Akaondoka bila kula. Na wenzake hawakula.

Goreth akafunika sufuria yake. Alipopita karibu yangu alisimama.

"Ngoma imelia, mudogo yangu," alisema. "Umefurahi?"

Alishika mkono mmoja wa sufuria, na nikaona mtu mwingine akiinama kushika mkono wa pili. Ni Arlette. Wakaibeba wote wawili, wakatoka polepole kuelekea barabara ya Lusenda, wakiinamia upande mmoja kwa uzito.

"Mama Gentille!" niliita. "Munaenda wapi?"

Hakugeuka. Nami nilikuwa nimezungukwa na watu wanaotaka kupiga picha na mimi, nikabaki pale nikipiga picha.

Baadaye umati ulipopungua nikatia mkono mfukoni nimpigie simu. Mfuko ulikuwa mtupu. Simu yangu alikuwa nayo yeye. Namba ya kuifungua anaijua, ni siku aliyozaliwa binti yetu, na ukurasa wangu uko wazi humo, pamoja na wale maelfu wote walionipa pole.

Ndipo simu ya dereva mmoja ikalia. Ikafuata ya mwenzake, kisha ya wa tatu. Wakainamisha vichwa wote, halafu wakasogeleana. Nikasikia sauti ya mke wangu ikitoka kwenye simu zao, kwa kupishana kidogo: "Simu haikuzima. Ngoma ililia, na mi niliipiga video."

Nikawaona wakitazama uso wangu pale kwenye kioo, uso ule niliokuwa nao nikiwa kwenye kigoda. Nikasimama nikisikiliza hadi mwisho, nikingoja ngoma ya Roger. Haikulia. Arlette alikuwa ameikata.

Yule wa koti jekundu akainua macho.

"Darius," alisema, akija upande wangu, na wengine nyuma yake. "Hii nayo ni teatri?"

Nikamtafuta Roger kwa macho. Alikwisha kufunga ngoma yake nyuma ya pikipiki, na alikuwa ameondoka.